Bendi ya Kupuliza, Traki na Video: Dalili, Vyanzo na Jinsi ya Kutatua

Bendi ya kupuliza ikicheza peke yake, wachezaji hurekebishana bila kuambiwa. Klarineti ya kwanza ikipanda kidogo, ya pili huifuata. Mwongozaji akivuta mwendo, tuba humsubiri. Lakini tungo nyingi za sasa zinaweka pembeni yao kompyuta yenye traki ya kielektroniki, na video ukutani, na hapo umeingia mwenzao asiyemsikiliza mtu. Malalamiko mengi kutoka bendi za shule, za makanisa na za askari hapa Uganda yanaanzia kwenye pengo hilo, hata pale watu wanapomlaumu fundi au mtunzi.

Fuata mpangilio ulivyo: chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, kinachotokea kwa nadra kiko mwisho. Usikimbilie mipangilio ya kompyuta. Nimeona watu wakibadili programu nzima saa moja kabla ya onyesho, kumbe tatizo ni waya uliochomekwa nusu.

Dalili: bendi na traki hazipatani sauti

Kwanza pima ukubwa wa tofauti, maana ndiyo itakayokuambia chanzo. Programu ya kutuni kwenye simu inatosha. Nusu toni moja ina senti 100. Piga noti ndefu kutoka kwenye traki, andika namba, kisha mwambie mchezaji mmoja mmoja apulize noti hiyohiyo.

*Bendi nzima iko juu ya traki, kwa senti 10 hadi 30.* Hili ni joto. Sauti husafiri haraka zaidi katika hewa ya moto, kwa hiyo ala ya kupuliza hupanda, kinadharia karibu senti 3 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Pumzi ya mchezaji hupunguza athari hiyo kiasi, lakini haiiondoi. Traki iliyotengenezwa kwa noti A ya 440 Hz (mitetemo 440 kwa sekunde) inabaki 440 asubuhi, mchana wa jua la Februari, na jioni baada ya mvua. Mbaya zaidi, glokenspili na vibrafoni hushuka kidogo zinapopata joto, kwa hiyo bendi yenyewe inapasuka pande mbili.

Cha kufanya: weka ala kivulini, hasa tuba na tromboni ambazo hulazwa chini zikisubiri hotuba za wageni waheshimiwa zimalizike. Wachezaji wapulize dakika kumi mfululizo, halafu watuni kwa noti inayotoka kwenye spika za ukumbi, wala si kwa mashine ya mezani. Hapa wengi hukosea: wanatuni kwa 440 vizuri sana, ala zikiwa baridi, kisha robo saa baadaye kila kitu kimepanda. Traki haiwezi kuja kwa bendi, hivyo bendi ndiyo iifuate. Mirija ya kutunia ikiwa imevutwa hadi mwisho na bado mko juu, inua traki yote kwa senti 10 au 15 ndani ya programu ya sauti bila kubadili mwendo. Fanya hivyo kwenye nakala, na mwombe mtunzi ruhusa ikiwa traki ina sauti za watu wanaoongea au kuimba, kwa sababu hizo huharibika mapema.

*Ala moja au mbili tu ziko juu, karibu senti 50, na hakuna kuvuta mrija kunakosaidia.* Tazama umri wake. Viwanda na bendi za shaba za Uingereza viliendelea kutumia kipimo cha juu, A ya takriban 452 Hz, hadi katikati ya miaka ya 1960. Ala za namna hiyo bado zinaweza kuwa kwenye stoo za taasisi kongwe. Tofauti yake na 440 ni karibu robo toni. Zikicheza zenyewe kwa zenyewe zinapendeza, lakini zikisimama na traki zitaumiza masikio. Usizikate wala kuzichomelea mwenyewe. Mpelekee fundi wa ala za shaba, ambaye anaweza kurefusha mirija, au ziache nje ya tungo hii.

*Traki nzima imeshuka kwa nusu toni na zaidi, na pia inakwenda polepole.* Si joto tena. Faili lilitengenezwa kwa sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, na kompyuta au kadi ya sauti inalicheza kwa 44,100. Sauti inashuka karibu senti 147, na tungo la dakika 10 linachukua dakika 10 na sekunde 53. Likiwa kinyume, yaani la 44,100 kuchezwa kwa 48,000, linapanda kiasi hichohicho na kuisha dakika 9 na sekunde 11. Fungua mipangilio ya kadi ya sauti, weka namba ileile ya faili, funga programu, ifungue upya. Hutahitaji mtu mwingine.

Dalili: sauti za amadinda au makondere ndani ya traki “zimetoka nje” ya tuni

Hii naiweka peke yake kwa sababu inarekebishwa mara nyingi mno, na haistahili kurekebishwa.

Watunzi wa hapa hupenda kuingiza rekodi za ala za kwetu: amadinda (zilofoni) na entenga (ngoma zilizotuniwa) za Buganda, makondere ya Bunyoro na Tooro, agwara za West Nile. Hizo mbili za mwisho ni bendi za kupuliza zilizokuwepo kabla ya tarumbeta ya kwanza ya shaba kufika huku, kila pembe ikishika noti yake na wimbo ukitokea kwa kupokezana. Sasa, amadinda hugawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, yaani senti 240 hivi kila moja. Klarineti yako inajua hatua za 200 na 300. Hazitakutana, na hazikukusudiwa kukutana.

Angalia partitura, yaani karatasi ya mwongozaji yenye noti za wote. Kama mtunzi ameandika bendi inyamaze au ishike noti moja ndefu chini ya rekodi hiyo, amelijua jambo hili na amelipangia nafasi. Kama bendi inacheza melodia ileile pamoja na amadinda, zungumza naye kabla ya kugusa faili. Tafadhali usiipitishe rekodi kwenye programu ya kunyoosha sauti. Ukiinyoosha umefuta kazi ya fundi aliyechonga mbao zile akisikiliza kila moja, na kilichobaki ni mlio usio na kwao.

Dalili: bendi na traki zinaachana

Swali la kwanza: pengo linakaa vilevile, linakua, au limetokea ghafla? Kila jibu lina njia yake.

*Linakaa vilevile tangu mwanzo.* Chanzo cha kawaida ni umbali. Sauti huhitaji takriban milisekunde 3 kwa kila mita moja. Mpiga ngoma aliye mita 17 nyuma ya spika za mbele anaisikia traki milisekunde 50 baada ya kutoka, halafu pigo lake nalo linasafiri kurudi kwa hadhira. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, noti ya kumi na sita ni milisekunde 125, kwa hiyo kuchelewa huko, kwenda na kurudi, kunakaribia noti nzima ya namna hiyo. Wakati huo mpiga ngoma anaapa yuko sawa, na kweli kwa alivyosikia yuko sawa.

Dawa ni kumwekea spika ndogo miguuni, au kumpa hedifoni moja yenye kliki (mlio wa kuhesabia mapigo), sikio moja tu ili lingine libaki kwa wenzake. Tungo likiwa gumu, wape kliki watu wawili: mwongozaji na mpiga ngoma mkuu. Bendi nzima ikivaa hedifoni huacha kusikilizana, na hapo umebadilisha bendi kuwa watu arobaini wanaocheza kila mmoja na mashine yake. Siipendi njia hiyo.

Kwenye bendi za polisi na jeshi kuna jambo la ziada. Mwongozaji akiwa afande mkubwa, kijana wa mitambo huogopa kumuuliza kama anasikia. Muulize mapema, kwenye mazoezi: “Afande, kliki inakutosha, au niongeze?” Mwongozaji asiyesikia kliki vizuri ataifuata bendi, bendi itamfuata yeye, na traki itakwenda zake.

Kama mnapitisha sauti ya maiki ndani ya kompyuta ili ibadilishwe papo hapo, tazama bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuichakata. Sampuli 128 kwa 48,000 zinaleta ucheleweshaji wa takriban milisekunde 2.7; sampuli 1,024 zinaleta 21.3, na hesabu hiyo ni ya kwenda peke yake, bado kurudi. Ishushe hadi kompyuta ianze kukwaruza, kisha panda hatua moja.

*Linakua polepole.* Rudi kwenye sampuli, hapo juu. Kama sampuli ziko sawa, basi kliki inayosikika na traki inayochezwa zinatoka kwenye vifaa viwili tofauti, mathalani kliki kwenye simu na traki kwenye laptopu. Saa za vifaa viwili hazilingani kamwe. Ziweke kwenye faili moja.

*Limetokea ghafla.* Kompyuta imekwama kidogo, au mtu amekosea kubonyeza. Zima Wi-Fi, bluetuthi, masasisho ya moja kwa moja, arifa na kujilaza kwa skrini. Chomeka chaja. Kwa tungo zinazoendeshwa kwa vituo, ambapo mtu hubonyeza pedali kila sehemu inapofika, tatizo kubwa ni kubonyeza mara mbili. Weka kinga ya sekunde moja au mbili ambamo pedali haifanyi kazi baada ya kubonyezwa, na onyesha namba ya kituo kwa herufi kubwa kwenye skrini. Mtu huyo awe anasoma noti, na asipewe kazi nyingine: asiwe mpiga picha, asiwe mgawaji wa maji.

Ikiwa bado hamuwezi, mjue kwamba hata wakubwa walilikwepa tatizo hili. Mtunzi Edgard Varèse, katika *Déserts*, iliyochezwa mara ya kwanza Paris tarehe 2 Desemba 1954, aliandikia ala 14 za kupuliza, piano na wapiga ngoma watano pamoja na utepe wa sauti, lakini aliviachanisha: bendi inacheza, inanyamaza, utepe unaingia, kisha bendi inarudi. Alitaka pia filamu iende nayo, na video hiyo ilikuja kutengenezwa na msanii wa video Bill Viola mwaka 1994, Varèse akiwa ameshafariki. Ukiwa mtunzi unayeandikia bendi ya shule yenye laptopu moja, njia ya kupokezana ni ya heshima kabisa.

Dalili: hadhira inasikia kliki, au sauti ya katikati imepotea

Vyote viwili vinatoka kwenye waya mmoja mdogo wa hedifoni.

Traki nyingi zina muziki upande wa kushoto na kliki upande wa kulia. Mtu akiunganisha kwa waya unaochanganya pande mbili, ukumbi mzima unasikia tik-tik-tik. Tumia waya wenye stereo upande mmoja na plagi mbili za mono upande mwingine, kila plagi iingie chaneli yake kwenye mixa. Chaneli ya kliki ishushwe kabisa kwenye spika kuu, na ipelekwe kwa mwongozaji kupitia njia ya pembeni. Bandika karatasi juu yake: KLIKI, USIGUSE. Angalia pia hedifoni ya mwongozaji isiwe wazi karibu na maiki.

Kama muziki unasikika mbali na mwembamba, besi na sauti za katikati hazipo, huenda plagi ya stereo imeingizwa moja kwa moja kwenye tundu la mono lenye nguzo mbili za mawimbi (balanced). Mixa huondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, na kila kilichofanana pande zote kinafutika. Traki haijaharibika. Badilisha waya.

Dalili: spika zinavuma

Umeme wetu ni wa volti 240 na mzunguko wa 50 Hz, kwa hiyo mvumo huo uko juu kidogo tu ya G ya chini ya tuba, ambayo ni 49 Hz. Ndiyo maana unavuruga bendi kuliko unavyovuruga kwaya.

Chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikoma, njia ya ardhi imezunguka kupitia chaja. Chomeka laptopu, mixa na projekta kwenye soketi moja badala ya kuta tofauti, lakini spika kubwa na taa ziwe na njia yake. Ukibaki, weka kisanduku cha DI chenye transfoma kati ya laptopu na mixa, na ubonyeze swichi yake ya kutenga ardhi. Baada ya hapo chomoa kebo ya projekta: mara nyingi mvumo huingia kupitia video wakati kila mtu anachunguza sauti. Mwisho kabisa, tenganisha waya za maiki na kebo za umeme. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba badala ya kulala sambamba.

Simama hapa. Usikate wala kuziba nguzo ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo utakoma, na kinga ya mtu itakuwa imekoma nayo. Mchezaji yeyote akihisi mtekenyo kwenye midomo au vidole anapogusa maiki au stendi, zima umeme wote kwenye swichi kuu, watu washuke jukwaani, na muite fundi umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme. Mpuliza tarumbeta ameshika shaba kwa mikono miwili na kuiweka mdomoni. Onyesho lisubiri.

Dalili: spika zinapiga mluzi, au maiki ya ala haisikiki

Maiki iko mbele ya spika, au imefunguliwa kupita kiasi. Rudisha spika mbele ya bendi, funga maiki zisizotumika. Bendi ya watu arobaini haihitaji kuongezewa sauti ndani ya ukumbi wa wastani. Maiki ni za kuilisha kompyuta tu.

Kwenye klarineti na saksofoni, usielekeze maiki ndani ya kinywa cha chini cha ala peke yake. Sauti nyingi hutoka kwenye matundu yaliyo wazi. Kwa tarumbeta na tromboni, ndiyo, elekeza kinywani. Maiki ndogo ya kubana isipotoa chochote, bonyeza volti 48 kwenye mixa, chaneli ikiwa imeshushwa.

Dalili: video inachelewa, inaachana na muziki, au haionekani

*Inachelewa kwa kiasi kilekile.* Projekta huchakata picha kabla ya kuitoa. Chagua hali ya mchezo (game mode) ikiwepo, zima marekebisho ya picha, na usitumie njia isiyo na waya. Kisha chelewesha traki kidogo hadi macho na masikio vikubaliane. Watu huvumilia sauti inayochelewa nyuma ya picha kuliko sauti inayoitangulia.

*Inaachana kadiri muda unavyokwenda.* Mara nyingi video ilipigwa kwa simu, ambayo hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde yenyewe kulingana na mwanga. Igeuze iwe 25 au 30 bila kuyumba. Kosa la kuchanganya 29.97 na 30 hula sekunde 0.6 katika dakika 10, kiasi kinachotosha kuharibu pigo la mwisho. Dawa ya kudumu ni kuunganisha traki, kliki na video ndani ya faili moja.

*Haionekani.* Mmeweka onyesho saa tisa mchana chini ya hema. Projekta haitashindana na mwanga huo. Hapa karibu na ikweta jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo pangeni tungo la video liwe baada ya saa moja na nusu, au kodini skrini ya LED.

Dalili: umeme umekatika katikati

Laptopu itaendelea kwa betri yake, lakini projekta na mixa vitazima. Weka vyote viwili kwenye UPS (betri ya akiba). Spika kubwa ziache. Projekta ya taa ikizimika ghafla feni husimama taa ikiwa bado ya moto sana, na hapo ndipo taa nyingi hufa. Subirini ipoe kabla ya kuiwasha tena.

Jenereta iwe imewashwa na kutulia kabla vifaa havijaunganishwa. Pima volti kwanza. Zikiruka huku na huku, usiunganishe kompyuta. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Kebo ya riili ikunjuliwe yote, maana ikibeba mzigo mkubwa ikiwa imeviringishwa hupata moto hadi kuyeyuka. Kuunganisha jenereta kwenye nyaya za jengo ni kazi ya fundi mwenye kibali na swichi ya kubadilishia. Asiyekuwa naye aunganishe vifaa moja kwa moja kwenye jenereta. Mkiwa uwanjani na radi ikaanza kunguruma, zimeni, chomoeni, na watu waingie ndani ya jengo.

Kabla ya onyesho kubalianeni herufi tatu au nne za partitura ambazo traki inaweza kuanzia tena, ziwekeeni alama kwenye kompyuta na kwenye karatasi za wachezaji, na mjaribu kuanza kutoka kila moja. Umeme ukirudi, mwongozaji ataje herufi, mwendesha kompyuta arudie herufi hiyo kwa sauti, ndipo fimbo ipande.